Kukhu Hakusema Asante

Wasee wangu, leo hakuna vichekesho. Wale mmezoea video zangu za makanga na mwenye ploti mnivumilie, hizo zitarudi wiki ijayo. Leo nina jambo limenikaa kooni wiki tatu na nimechoka kulimeza.

Nilipata ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Dakika nne na sekunde kumi. Ulikuwa wa Mami.

Mami si mama yangu mzazi. Ni Mmarekani wa jimbo la Iowa. Yeye na mumewe, Dadi, ni wamishonari, na ndio walionilea kwenye makao ya watoto karibu na Kitale, kuanzia Februari 2008 nikiwa na miaka saba mpaka nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2019. Tulikuwa watoto 64 na sote tuliwaita Mami na Dadi. Mpaka leo siwezi kuwaita kwa majina yao, ulimi unakataa. Hata hapa sitawataja, wala makao yenyewe, juu hii si story ya kuharibia mtu jina.

Ujumbe ulisema makao yanatimiza miaka 20. Wanataka kuchangisha pesa za bweni jipya la wasichana. "Wewe ndiye unajua mambo ya video, mwanangu. Tutengenezee moja ya dakika mbili. Waambie wafadhili ungekuwa wapi leo bila makao."

Ungekuwa wapi leo bila makao. Maze, hilo swali nimelijibu tangu nikiwa darasa la pili. Kila wageni wakija, mmoja wetu alisimamishwa mbele kulijibu, na jibu tulikuwa nalo kichwani kama hesabu za mara: ningekuwa chokoraa, ningekuwa mwizi, ningekuwa nimekufa. Wageni wanafuta machozi, sisi tunakaa chini tunangoja soda.

Safari hii niliskiza ujumbe mara tatu. Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Juu jibu la kweli ni fupi sana. Ningekuwa Kimilili, kwa Kukhu.

Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya. Nitafika kwake. Lakini kabla mtu hajaanza kuwatusi Wazungu hapa, ngoja kwanza niwaambie hao wawili waliishi aje, maana wengi wenu mnawajua wamishonari kwa vichekesho vya mtandaoni tu.

Walikuja Kenya mwaka 2005. Dadi alikuwa na miaka 31, Mami 29, na kijana wao mmoja wa rika langu. Dadi alikuwa mkulima wa mahindi kwao, na kwa vile Trans Nzoia nayo ni mahindi kila upande unaoangalia, alipenda kusema Mungu ana mzaha, amemtoa kwa mahindi akamleta kwa mahindi. Mami alikuwa muuguzi.

Hawakuwa na mshahara vile watu hudhani. Pesa zao zilitoka kwa makanisa na marafiki kule kwao, huyu ameahidi dola 20 kwa mwezi, yule 50. Mfadhili akifutwa kazi au akifa, hiyo pesa inakatika, na mwezi huo nyama hatuoni. Kila baada ya miaka minne walirudi Marekani miezi sita. Sisi tulidhani ni likizo. Kumbe walikuwa wanazunguka kanisa baada ya kanisa wakionyesha picha zetu na kuomba, na kulala kwa sofa za watu. Mami aliwahi kuniambia hicho ndicho kitu alichochukia kuliko malaria.

Halafu kila mwezi kulikuwa na barua ya wafadhili. Dadi aliiandika usiku, jenereta ikinguruma, na kila barua ilihitaji mtoto mmoja na picha moja. Mwezi maji yalipokatika, nilipigwa picha nikicheka kando ya tangi. Nilikuja kumwelewa vizuri nilipoanza hii kazi yangu. Mimi nisipoposti, sili. Yeye asipoandika, watu 64 hawali.

Nisiwadanganye, walitupenda. Mwaka 2009 nilishikwa na nimonia na Mami alilala sakafuni kando ya kitanda changu siku tatu. Kila nikifungua macho niliona mkono wake mweupe umeshika chuma cha kitanda. Dadi naye hakujua kukaa bure. Akikosa pampu ya kurekebisha atatafuta baiskeli. Na Kiswahili chake kilitufurahisha sana. Siku moja alisimama kwenye kanisa la mjini, amevaa tai, akatangaza kwa sauti kubwa, "Mungu ametuita Kenya tule watoto." Alitaka kusema tulee. Kanisa zima kimya, halafu mzee mmoja akasema "Amina" na watu wakaanguka kucheka. Dadi alicheka mpaka akaketi.

Kijana wao alisoma shule ya bweni ya watoto wa wamishonari, mbali. Alikuja likizo, tunacheza mpira wiki chache, anaenda. Likizo moja tulikuwa tumekaa juu ya ukuta na akaniambia bila hasira, "Wewe unamwona mamangu kuliko mimi." Sikujua niseme nini. Nilimpasia mpira.

Nimefikiria sana hiyo sentensi. Huyo ndiye mtoto wao wa damu, na yeye pia alikuwa analelewa na watu wa kuajiriwa ndio sisi tulelewe na wazazi wake.

Sasa nije kwetu mabwenini. Mami na Dadi walikuwa wawili, na watoto wawili kwa 64 haigawanyiki. Aliyekuamsha, akakuogesha, akakufungia kamba za viatu alikuwa mama wa nyumba, mwanamke wa kuajiriwa. Bweni letu lilikuwa na wavulana 12. Kwa karibu miaka 12 niliyokaa pale nilipata mama wa nyumba saba. Mmoja aliolewa, mmoja alipata kazi ya Saudia, wengine walichoka na mshahara. Wa kwanza alipoondoka nililia wiki nzima. Wa nne alipoondoka nilimsaidia kubeba sanduku hadi kwa geti, nikarudi kumalizia uji wangu. Watu walinisifu eti nimekomaa.

Na kila Julai, wageni. Wiki mbili. Walituchora uso, wakatupima miguu, wakachagua mtoto wa kubeba mgongoni. Tulikuwa na wimbo wa kuwakaribisha na wimbo wa kuwaaga. Huo wa kuaga ulikuwa mzuri zaidi, tuliufanyia mazoezi sana. Mpaka leo nina shida fulani, na dem wangu wa zamani ndiye aliyeniambia: napenda watu haraka, na wakiondoka sishtuki. Alisema ni kama naishi kwa stendi ya matatu.

Nilivyofika pale ni hivi. Mamangu alifariki Novemba 2007. Babangu simjui. Kukhu alibaki na wajukuu wanne, shamba la robo ekari na mguu uliokuwa ukivimba. Mwezi uliofuata uchaguzi ukaleta ghasia, unga ukapanda bei, na Kukhu akaenda kwa chifu kuomba msaada. Chifu hakuwa na unga. Alikuwa na habari: karibu na Kitale kuna Wazungu wanalisha watoto na kulipa karo. Kukhu alinichagua mimi, eti juu nilipenda vitabu. Alinifunga shati ya shule mpya, tukashuka hadi Kamukuywa, tukapanda matatu. Njia nzima alinishika mkono. Kwa geti aliniambia atarudi Jumapili.

Alirudi. Sijui kama ilikuwa Jumapili hiyo, lakini alirudi. Ila sheria ya makao ilikuwa jamaa waje mara moja kwa muhula, ndio watoto "watulie". Kwa mguu ule na nauli ile, muhula ukawa mwaka. Halafu akaacha.

Kwenye zile barua za Dadi nilikuwa "yatima". Sikuona shida. Wote tulikuwa yatima, hata yule ambaye mamake alikuwa anauza nyanya pale Kitale mjini na tulikuwa tunampungia mkono tukipita na gari la makao.

Mwaka 2013 mamake Mami alikufa huko Iowa. Tiketi za ndege hazikuwezekana, na mtu mmoja lazima angebaki na watoto. Usiku mmoja nilitumwa kuchukua kipima joto, nikawaskia wakigombana jikoni mwao kwa sauti za chini, yeye anasema "ni mamangu," Dadi anasema "najua, najua." Mazishi aliyaangalia kwa kompyuta, intaneti ikikatika kila dakika.

Kesho yake nilimkuta kwa stoo, amekaa juu ya gunia la maharagwe, analia bila sauti. Nilikuwa na miaka 12. Nilitaka kurudi nyuma lakini alikuwa ameshaniona. Alijipangusa akaniuliza, nadhani ndio tu aseme kitu, "Wewe una nyanya?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Alikufa?"

"Hapana, Mami. Yuko Kimilili."

Aliniangalia muda mrefu. Ilikuwa imeandikwa kwa faili langu, yeye mwenyewe ndiye alikuwa anafungia faili kwa kabati. Lakini nadhani siku hiyo ndiyo alisikia.

Jumamosi iliyofuata walinipeleka. Kitale hadi Kimilili si mbali, hata saa mbili haziishi. Kwa miaka mitano mtu ambaye nilikuwa nimeambiwa nimempoteza alikuwa hapo tu, matatu moja na boda.

Kukhu alikuwa amekonda. Alipotuona alipiga kelele, akachinja kuku mmoja aliyekuwa naye, akakopa viti kwa jirani. Alimshika Mami mkono na hakuuachilia. Halafu akamwangalia Dadi, akasema kwa Kibukusu, "Sasa mmenirudishia mtoto wangu?"

Dadi alinigeukia. "Anasema nini?"

Binamu zangu watatu walikuwa wamesimama mlangoni, miguu mitupu, wananiangalia viatu. Nyumba ilinuka moshi. Taa ilikuwa ya koroboi. Mimi nilikuwa na kitanda changu, stima, mkate Jumapili na mtihani wa darasa la nane miaka miwili mbele. Kibukusu changu kilikuwa kimeanza kupotea, lakini hiyo sentensi niliielewa neno kwa neno.

Nikamwambia Dadi, "Anasema asante."

Dadi akatabasamu, akamwambia Kukhu kwa Kiswahili chake, "Karibu sana, karibu." Kukhu akatuangalia wote watatu, mmoja mmoja. Hakuuliza tena. Tulipoondoka alinipa yai la kuchemsha kwa karatasi ya sukari.

Hiyo ndiyo kitu imenikaa kooni. Sio kwamba Wazungu walinichukua. Ni kwamba hata mimi, nilipoulizwa, nilichagua kitanda. Na nilikuwa mtoto, najua, msiniandikie hivyo. Lakini ona jinsi mambo yalivyopangwa: mtoto wa miaka 12 anachagua kati ya nyanya yake na kwenda shule. Nani alisema lazima iwe moja?

Wacha tupige hesabu kidogo. Nilikuwa na wafadhili watatu, kila mmoja akituma dola 35 kwa mwezi. Dola mwaka 2010 ilikuwa kama shilingi 80. Hiyo ni 8,400 kwa mwezi kwa jina langu peke yangu. Sisemi mtu aliiba. Ilienda kwa mishahara, dizeli ya jenereta, ukuta, gari, chakula cha watu 64. Kulea watoto kwa taasisi ni ghali, ni kama kuendesha hoteli. Lakini serikali ina ule mpango wa kusaidia jamii zinazolea watoto yatima, na pesa zake ni 2,000 kwa mwezi. Kukhu angepewa hata nusu ya ile iliyotumwa kwa jina langu, sisi wajukuu wote wanne tungekula na mimi ningesoma nikilala kwake.

Kukhu alifariki 2018 nikiwa kidato cha tatu. Nilienda mazishi na gari la makao. Nilipofika, wasimamizi waliniweka kwa hema la wageni. Mimi, mjukuu. Watu walisimama wakamlilia kwa maneno ambayo sikuyajua, na nilipopewa nafasi ya kuongea niliongea Kiswahili, na mama mmoja nyuma akauliza, "Huyu ni nani?"

Machi 2020, Korona ilipoingia, serikali iliagiza makao yawarudishe kwa jamaa watoto wanaoweza kurudi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nilikuwa bado nasaidia pale, kwa hivyo niliingia kwenye gari na orodha. Wasee, ndani ya siku kumi watoto 64 walibaki tisa. Siku kumi! Kila mlango tuliobisha kulikuwa na mtu. Shangazi, babu, dada mkubwa, mama. Walikuwa wapi siku zote? Walikuwa palepale.

Siku hizo ndizo nilipofungua kabati nikasoma faili langu. Kuna mahali pa kuandika sababu ya mtoto kuletwa. Kulikuwa na neno moja: umaskini.

Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wa malezi ya watoto mwaka 2009, na unasema waziwazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa familia yake. Kule Bucharest, Romania, watafiti walifuata watoto 136 waliokuwa wanaishi kwenye makao tangu wachanga. Nusu walipelekwa kulelewa kwenye familia, na hao akili zao zilikua vizuri kuliko waliobaki, hasa waliotoka kabla ya kufika miaka miwili. Kenya yenyewe ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, ikapata Sheria mpya ya Watoto mwaka 2022, na ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuhamisha malezi kutoka kwa taasisi kwenda kwa familia. Kwa hivyo hii si hasira yangu tu. Ndiko nchi imesema inaenda.

Dadi alipenda kutusimulia habari za George Müller. Müller alikuwa Mprusi aliyehamia Uingereza, na mwaka 1836 yeye na mkewe Mary walifungua makao yao ya kwanza Bristol. Ilikuwa story ya kila Ijumaa: asubuhi hakuna chakula, Müller anaomba, mwokaji anabisha mlango na mikate. Mwishowe yakawa majumba matano makubwa, na alipokufa 1898 zaidi ya watoto 10,000 walikuwa wamepitia mikononi mwake. Tulipenda sana hiyo sehemu ya mikate. Nilipokua nikatafuta mwenyewe mwisho wa hiyo story. Yale majumba yaliuzwa mwaka 1958, na shirika lake likahamisha watoto kwenye nyumba ndogo za kifamilia. Watu wa Müller wenyewe walibadilisha njia na hakuna aliyesema wamemsaliti.

Sasa niseme upande wa pili, juu najua mtaniuliza. Wale tisa waliobaki walibaki kwa sababu. Mmoja aliokotwa stendi akiwa mchanga, hana mtu. Mmoja, msichana, nyumbani kwao ndiko alikoumizwa, na siku tulipozungumza juu ya kumrudisha alijificha chini ya kitanda. Na kati ya tuliowarudisha, kuna waliorudi kwenye njaa. Kulikuwa na mvulana tuliyemwacha kwa mjomba wake na kilo mbili za unga, na miezi miwili baadaye alikuwa anavunja kokoto. Kumrudisha mtoto bila karo, bila chakula, bila mtu wa kumwangalia, huko si kumrudisha, ni kumtupa karibu na kwao. Makao mengine lazima yawepo kwa wale hawana kwingine. Ninachosema ni kwamba kwenye bweni letu la wavulana 12, ambao hawakuwa na mtu kabisa walikuwa wawili.

Kwa hivyo nilimjibu Mami. Nilirekodi ujumbe wa dakika tisa, nikitembea usiku hapa Umoja juu ndani ya nyumba ningelia na jirani angeskia. Nilimwambia nampenda. Nilimwambia mkono wake kwa chuma cha kitanda sitausahau. Nilimwambia video ya bweni sitatengeneza, lakini wakiwa tayari kuomba wafadhili walipe karo na unga kwa watoto wakiwa kwa nyanya zao, na kuajiri mtu wa kuwatembelea, nitawatengenezea video kumi bure. Halafu nikamwambia kile Kukhu alisema kweli ile Jumamosi.

Alama mbili za buluu zikatokea. Siku moja, kimya. Siku mbili. Siku ya nne akaandika kwa Kiswahili, na makosa yake ya kawaida ambayo nimeyasahihisha:

"Nilijua haikuwa asante. Niliona uso wake. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Dadi anasema njoo tuongee. Amekasirika kidogo lakini njoo."

Nilisoma hiyo meseji nikiwa kwa matatu na nikapitisha stejini kwangu.

Sasa nyinyi. Najua wengi wenu mna ile desturi, na mimi nimewahi kuifanya: ukitimiza miaka fulani unanunua keki, bale la unga na tishu, unaenda makao ya watoto na marafiki, mnapiga selfi na watoto, mnaposti. Kanisa linaenda, klabu ya chuo inaenda, kampuni inaenda Desemba na matisheti. Moyo ni mzuri, siupingi. Lakini kabla ya kwenda tena, ulizeni wenye makao maswali matatu. Watoto wangapi hapa wana jamaa walio hai? Mmefanya nini kuwarudisha? Na hii pesa yetu inaweza kulipa karo ya mtoto mmoja akiwa kwao? Wakikasirika na hayo maswali, mmeshajua kitu. Wakifurahi, wapeni hata ile ya keki.

Na picha za watoto wacheni. Mimi niko kwenye simu za watu nisiowajua, nikicheka kando ya tangi lisilo na maji.

Kuna mwingine atasema sina shukrani. Ninayo. Nina shukrani kwa Mami na Dadi kwa kila uji, kila sindano, kila usiku. Shukrani haimaanishi niwaache wajenge bweni lingine la watoto wenye nyanya.

Jumamosi napanda basi ya Kitale. Sijui itaenda aje. Dadi akikasirika huwa anaenda kurekebisha kitu, kwa hivyo pengine tutaongea akiwa chini ya gari na mimi nikimpitishia spana. Jumapili nitashuka Kamukuywa, nichukue boda hadi Kimilili. Binamu yangu ameniambia kaburi la Kukhu limemea majani. Ameniahidi kunifundisha maneno ya kusema.